Nafuu ya Kweli Baada ya Mtikisiko wa Ubongo

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na katibu wenu ana daftari na penseli, maana leo tutaandika. Na wewe unayelisoma somo hili katika karatasi iliyopigwa chapa, chukua daftari lako ufuate pamoja nasi hatua kwa hatua.

Somo letu leo ni juu ya kichwa kilichopigwa. Sisemi juu ya lile jeraha kubwa ambalo kila mtu aliliona, na majeruhi akachukuliwa hospitali hajitambui. Nasema juu ya lile linaloonekana dogo. Mtu ameanguka na pikipiki. Au amegongana na mwenzake katika kuugombea mpira. Au mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe. Anaamka, anajipangusa vumbi, anakwenda nyumbani kwa miguu yake. Siku ya pili jirani anakuja kumpa pole, anamwuliza, "Hujambo?" Naye anajibu, "Sijambo."

Jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni hili: ile "sijambo" si kipimo. Ni adabu, na ni adabu njema. Mwenye homa husema sijambo, aliyefiwa jana husema sijambo, kisha ndipo huongeza, "ila...". Basi ikiwa twataka kujua kama mtu huyu amepona, hapana budi tumwulize kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo somo letu.

Lugha yetu imetupa maneno mawili yatakayotusaidia. Tunasema mtu "amepata nafuu", na tunasema mtu "amepona". Nafuu ni njia. Kupona ni mwisho wa safari. Taabu ni kwamba mara nyingi tunamwona mtu yuko njiani, tukadhani amekwisha kufika.

Ubongo hupatwa na nini

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikisukumwa kwa nguvu, au kikisimamishwa kwa ghafula, ubongo hutikisika humo ndani. Nyuzi nyembamba za fahamu huvutika, na chembe za ubongo hupoteza ulinganifu wa chumvi zake. Hapo chembe hizo hutumia nguvu nyingi kujirudisha katika hali yake, na wakati huo huo nguvu zenyewe zimepungua. Hali hiyo ndiyo mtikisiko wa ubongo.

Andika mambo matatu juu yake.

La kwanza, si lazima mtu azimie. Wengi waliopata mtikisiko wa ubongo hawakuzimia hata kidogo.

La pili, picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya CT mara nyingi haionyeshi kitu. Kazi ya picha ile ni kutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Daktari akisema, "Picha ni safi," amekuambia habari njema sana. Lakini hakukuambia kuwa ubongo umepona.

La tatu, hapana bendeji wala mkongojo. Mwenye mguu uliovunjika watu humpisha kiti. Mwenye ubongo uliotikisika huitwa mvivu, au mwenye kisirani, na pengine watu hunong'ona kwamba amerogwa.

Kabla hatujaendelea, chora mstari katika daftari, uandike dalili za hatari. Mtu aliyepigwa kichwa apelekwe hospitali mara moja ikiwa kichwa kinazidi kumuuma, anatapika tena na tena, ana usingizi mzito asioamshika, ana kifafa, mkono au mguu umelegea au umekufa ganzi, maneno yanamchanganyika, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ya pili, au damu au maji meupe yanamtoka puani au masikioni. Hapo usingoje kipimo chochote cha nyumbani. Somo la leo ni kwa yule aliyekwisha kutazamwa na daktari au tabibu, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mizani ya magunia

Wataalamu wamepima majeraha ya kichwa kwa muda mrefu, na inafaa tujue vipimo vyao, maana kila kimoja kina kazi yake.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, katika Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitangaza kipimo ambacho leo kinatumika katika hospitali za dunia nzima. Mganga hutazama mambo matatu: macho hufumbuka kwa namna gani, mgonjwa hujibu maneno gani, na viungo vyake hufuata amri au hapana. Alama huanzia 3 na kuishia 15. Aliyepata mtikisiko wa ubongo huwa na 13, 14 au 15.

Tazama sasa. Mtu anaweza kupata 15, yaani alama zote, hali bado amekaa kando ya barabara alipoangukia! Je, amepona? Hasha. Kipimo kile hupima kuamka, hakipimi kupona. Ukikitumia kwa kazi isiyo yake, utadanganyika, nacho hakina kosa.

Mwaka 1975 Jennett na mwenzake Michael Bond wakatoa kipimo kingine cha kuonyesha majeruhi ameishia wapi. Kilikuwa na daraja 5: aliyekufa, aliye hai bila kujitambua, mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa, mwenye ulemavu wa kiasi anayejitegemea, na aliyepona vizuri. Kwa majeraha makubwa kipimo hiki kilikuwa msaada mkubwa. Lakini katika taarifa nyingi daraja mbili za juu zimehesabiwa pamoja kuwa ni "matokeo mema". Maana yake, mtu anayeweza kujihudumia nyumbani lakini hawezi tena kazi yake ya zamani, ameandikwa pamoja na yule aliyerudia maisha yake yote.

Hiyo ni mizani ya magunia ya mahindi. Ni mizani ya kweli, lakini usiipimie dhahabu ya sonara. Mtikisiko wa ubongo humpunguzia mtu kwa ratili, si kwa gunia. Ndiyo maana baadaye kipimo hicho kiligawanywa katika daraja 8, na maswali yakaongezwa: Je, unakwenda dukani na kufanya hesabu ya manunuzi peke yako? Umerudi kazini kama zamani? Unakaa na jamaa na rafiki zako bila ugomvi mpya? Na kila swali lina mwenzake: kabla ya ajali ilikuwaje?

Maswali 16, na alama moja yenye hekima

Mwaka 1995 wataalamu wa Oxford, Uingereza, walitoa orodha ya maswali iitwayo Rivermead, kwa jina la kituo chao. Ina dalili 16: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukizwa na kelele, usingizi mbaya, kuchoka upesi, hasira za haraka, huzuni, kukosa subira, kusahau, kushindwa kukaza fikira, fikira kwenda polepole, macho kuona ukungu, kuumizwa na mwanga, kuona vitu viwili viwili, na kutotulia.

Kila dalili hupewa alama. 0 ni kwamba haipo. 2 ni shida ndogo, 3 ni shida ya kiasi, 4 ni shida kubwa. Na 1 je? Hapo ndipo penye hekima. Alama ya 1 maana yake: shida hii ninayo, lakini haikuzidi kuliko ilivyokuwa kabla sijaumia. Na wakati wa kujumlisha, zile 1 zote huachwa.

Chukua mfano wa mama mwenye kipandauso tangu ujana wake. Ameanguka, amepata mtikisiko wa ubongo, na baada ya mwezi kichwa bado kinamuuma mara moja kwa wiki, kama miaka yote. Tukingoja mpaka kichwa kisiume kabisa ndipo tuseme amepona, tutangoja milele. Yeye amerudi alipokuwa. Kupona si kuwa mtu asiye na shida yoyote; kupona ni kuyarudia maisha yako mwenyewe.

Lakini jihadhari, kumbukumbu ya zamani hupamba. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa watu walioumia kichwa, wakiulizwa juu ya siku za kabla ya ajali, hutaja shida chache kuliko watu wa kawaida ambao hawakuumia. Mtu huona kwamba zamani hakusahau kitu wala hakuchoka. Kumbe sote twasahau, na sote twachoka. Basi ukitaka kujua ya zamani, usimwulize mgonjwa peke yake. Mwulize na mkewe, au mumewe, au mwenzake wa kazini. Na kama ni mwanafunzi, fungua madaftari yake ya muhula uliopita.

Kibaba kimoja

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba 4 vilikuwa pishi moja. Mnunuzi mwerevu alijua kwamba ukipimiwa leo kwa kibaba cha duka hili na kesho kwa kibaba cha duka lile, huwezi kusema nafaka imeongezeka au imepungua. Huenda kibaba ndicho kilichobadilika.

Ndivyo ilivyo kwa nafuu. Ukimwuliza mgonjwa asubuhi baada ya usingizi mzuri, kisha siku ya pili ukamwuliza jioni baada ya kelele za soko, umetumia vibaba viwili. Tena hata kwa kibaba kimoja, hali ya mtu hupanda na kushuka kidogo kila siku. Kupanda na kushuka huko si kupona wala si kuzidiwa.

Basi badiliko liwe kubwa kiasi gani ndipo tulihesabu? Mwaka 1989 Roman Jaeschke, Joel Singer na Gordon Guyatt, wa mji wa Hamilton katika Kanada, walilijibu swali hili kwa njia iliyo rahisi na ya heshima. Wagonjwa wao walikuwa watu wenye maradhi ya muda mrefu ya moyo na mapafu, si ya kichwa, lakini wazo lenyewe limeenea katika fani nyingi za uganga. Waliwauliza wagonjwa wenyewe: tangu tulipoonana, je, umeona tofauti? Kisha wakatazama alama za wale waliosema, "Naam, kidogo," zilikuwa zimesogea kiasi gani. Katika maswali yao, yaliyokuwa na ngazi 7 kila moja, ilikuwa karibu nusu ngazi kwa kila swali.

Shika wazo hilo. Badiliko dogo lenye maana ni lile dogo kuliko yote ambalo mgonjwa mwenyewe analiona kuwa limemfaa. Mwamuzi si karatasi, wala si jirani, bali ni maisha yake.

Sasa tutie mifano miwili katika daftari.

Tuseme yuko fundi cherehani aliyegongwa na pikipiki. Wiki ya kwanza tulipojumlisha yale maswali 16, alipata 30. Wiki ya nne amepata 14. Ukitazama hesabu tu, utapiga makofi: shida zimepungua zaidi ya nusu. Lakini zile 14 zimetoka wapi? Kusahau 4, kushindwa kukaza fikira 4, fikira kwenda polepole 3, kuumizwa na mwanga 3. Hizo ndizo kazi yake yote! Anapima kiuno cha mteja kwa tepu, na kabla ya kufika kwenye meza amesahau namba. Amekata mkono wa shati la harusi ukawa mfupi. Fundi huyu ana nafuu kubwa kwenye karatasi, lakini nafuu hiyo bado haijafika kwenye cherehani.

Sasa tumtazame mwanafunzi. Alikuwa na 12: kichwa 4, kelele 4, usingizi 4. Wiki mbili baadaye ana 9: kichwa 3, kelele 2, usingizi 4 vile vile. Alama tatu tu, mtu angesema si kitu, huenda ni kupanda na kushuka kwa kawaida. Lakini zamani alikuwa akiondoka darasani baada ya kipindi cha pili ameshika kichwa. Sasa kwa siku tano mfululizo amekaa vipindi vyote vya asubuhi. Hiyo ni nafuu yenye maana. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumeona kibaba kikijaa.

Umeelewa tofauti? Namba haikosi faida, lakini namba haijitoshi. Ipeleke mahali mtu anapofanya kazi yake, ukaone kama inasimama.

Je, wote hupona upesi?

Wengi hupona. Kwa wachezaji wa michezo, watu wazima wengi hupona katika siku 10 hadi 14, na watoto wengi katika muda wa wiki 4. Lakini wengi si wote.

Katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2019, watu waliofika katika hospitali kubwa 11 wakiwa na mtikisiko wa ubongo walifuatwa kwa miezi 12. Baada ya mwaka mzima, 53 kati ya kila 100 walikuwa wangali na upungufu fulani katika maisha yao ya kila siku. Unashtuka? Ngoja. Wachunguzi hao walikuwa na busara ya kuwafuata pia watu walioumia mikono, miguu na sehemu nyingine, bila kuumia kichwa. Kati ya hao, 38 katika kila 100 nao walikuwa na upungufu.

Hapa pana mafunzo mawili. Anayesema, "Mtikisiko wa ubongo si kitu, baada ya wiki mbili kila mtu mzima," amekosa. Na anayesema, "Kila shida niliyo nayo leo imetoka kwenye ubongo," naye huenda amekosa. Ajali yenyewe humchosha mtu: maumivu ya shingo, hofu ya barabara, deni la matibabu, usingizi uliopotea. Kwa hiyo shida zikikawia, rudi hospitali utazamwe upya, mana shingo ina matibabu yake, na usingizi una yake, na huzuni ina yake. Hata malaria haiachi kumjia mtu kwa sababu ameumia kichwa!

Daftari la nyumbani

Haya, sasa tufanye kazi. Chora safu tatu.

Safu ya kwanza ni ya dalili. Chagua dalili mbili au tatu zinazomsumbua zaidi, si zote. Kila jioni, saa ile ile, mgonjwa azipe alama toka 0 mpaka 10. Baada ya wiki mbili punguza, afanye mara moja au mbili kwa wiki. Usikiulize kichwa habari zake kila saa. Mtu anayeyachunguza maumivu mchana kutwa huyaona yamekua.

Safu ya pili ni ya kazi. Chagua jambo moja ambalo ni kazi yake hasa, linaloweza kuhesabika. Mwanafunzi: amesoma dakika ngapi kabla kichwa hakijaanza kuuma? Fundi: amekata nguo ngapi bila kukosea? Mwenye duka: amekosea chenji mara ngapi? Mama wa nyumbani: ameweza kupika huku watoto wanapiga kelele, au imembidi akalale?

Safu ya tatu ni ya mwenziwe. Mtu mmoja wa nyumbani, na awe yule yule siku zote, aandike sentensi moja kwa wiki: nimeona nini? "Amecheka na watoto." "Amegomba kwa sababu ya chumvi." Mtikisiko wa ubongo humbadilisha mtu tabia bila mwenyewe kujua, na safu hii humsemea asiyoyaona.

Sasa jinsi ya kusoma daftari. Tuseme alama za kichwa wiki ya kwanza ni 4, 6, 5, 4, 6, 5, 4. Huo ni mwendo wake wa kupanda na kushuka: kati ya 4 na 6. Wiki ya pili akipata 4 siku moja, usipige vigelegele; imo katika mwendo ule ule. Lakini wiki ya tatu ikawa 2, 3, 2, 2, 3, 1, 2, tazama: ya juu kabisa ya wiki hii ni ndogo kuliko ya chini kabisa ya wiki ya kwanza. Hapo jambo limebadilika.

Kisha jiulize maswali matatu. Je, badiliko limepita kupanda na kushuka kwa kila siku? Je, limedumu? Je, limemwezesha kufanya jambo asiloliweza? Majibu yote matatu yakiwa "ndiyo", sema kwa moyo mweupe kwamba amepata nafuu ya kweli. Na siku atakapoifanya kazi yake kwa kipimo cha zamani, na mwenziwe akakubali, ndipo sema amepona.

Kurudi kwa ngazi

Swali ambalo nyumba nyingi huliuliza ni hili: arudi lini kazini, shuleni, uwanjani?

Zamani mgonjwa aliambiwa alale gizani mpaka kichwa kiache kuuma. Leo mashauri yamebadilika. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo katika michezo walikutana Amsterdam mwaka 2022, na mashauri yao yakatangazwa mwaka 2023. Wanasema apumzike saa 24 hadi 48, lakini si kulala tu. Atembee kidogo, afanye kazi nyepesi. Kisha aongeze hatua kwa hatua. Dalili zikizidi kidogo, si zaidi ya alama 2 katika 10, na kwa muda usiofika saa moja, si neno. Zikizidi hapo, apunguze siku hiyo, ajaribu tena kesho.

Kwa mchezaji, ngazi ni 6: kazi za kila siku, mwendo na mbio nyepesi, mazoezi ya mchezo akiwa peke yake, mazoezi na wenzake bila kugongana, mazoezi kamili, na mwisho mechi. Kila ngazi isipungue saa 24. Kabla ya ngazi ya nne aonwe na daktari. Na mwanafunzi arudie masomo yake yote kwanza, ndipo arudie mechi.

Kwa nini tahadhari yote hii? Kwa sababu ubongo ambao haujapona ukipigwa tena, shida huwa kubwa na huchukua muda mrefu zaidi. Kwa vijana, mara chache, ubongo huvimba ghafula, na kijana akafa. Mchezaji aliyepigwa kichwa atoke uwanjani siku ile ile, na asirudi siku ile, hata kama timu imefungwa mabao matatu na mashabiki wanalia.

Najua lililo gumu zaidi. Ni kijana wa bodaboda. Tajiri wake anataka hesabu kila jioni. Pikipiki ikilala siku tatu, nyumbani hakuna unga. Yeye ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kusema "sijambo". Lakini fikiri: kazi yake ni kuona upesi na kuamua upesi, naye nyuma yake amembeba mama na mtoto. Akiwa bado ana kizunguzungu, au anaona vitu viwili viwili, au fikira zinakwenda polepole, si haki kwake wala kwa abiria wake kuwa barabarani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi jamaa na wenzake wa kijiweni wamsaidie siku hizo, na tajiri aambiwe ukweli, akionyeshwa cheti cha daktari.

Kwa walimu na wakubwa wa kazi

Mimi ni mtu wa elimu, si daktari. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu wenzangu. Sisi tumezoea kupima watu kwa alama, nasi tunajua alama moja ya siku moja inavyoweza kumwonea mtoto. Mwanafunzi aliyekuwa wa tano darasani, akaumia kichwa, kisha akawa wa thelathini, hakugeuka mvivu katika usiku mmoja. Kiboko hakiponyi ubongo. Mpe nusu siku mwanzoni. Mkalishe mbali na dirisha lenye jua kali. Mpe nafasi ya kupumzika kati ya vipindi. Usimpe mtihani mkubwa katika wiki zile za mwanzo. Na uandike ulichoona, maana wewe unacho kile ambacho daktari hana: unamjua alivyokuwa kabla.

Na wewe mkubwa wa kazi, fundi au karani wako akirudi, usimwulize tu, "Umepona?" Mwulize, "Kazi gani unaiweza sasa, na gani bado?" Swali la kwanza humlazimisha kusema uwongo ili asipoteze kazi. La pili humwezesha kusema kweli na kubaki kazini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini picha safi ya kichwa, au alama 15 za kipimo cha Glasgow, hazionyeshi kwamba mtu amepona?

2. Katika maswali ya Rivermead, alama ya 1 ina maana gani? Toa mfano kutoka nyumbani kwako.

3. Mvuvi, mkulima, mshona viatu na mwanafunzi: kwa kila mmoja chagua kazi moja inayohesabika ya kuandika katika safu ya pili.

4. Kijiji au mtaa wenu unaweza kumsaidiaje mtu wa bodaboda aliyeumia kichwa, ili asirudi barabarani kabla ya wakati?

Jumuisheni majibu yenu, na katibu ayaandike. Na leo jioni, kama katika mtaa wenu yuko mtu aliyepigwa kichwa mwezi huu, mwendee. Mwamkie kama desturi, umwache ajibu "sijambo" kama desturi. Kisha ukae kitako, umwulize: "Ni jambo gani ulilokuwa ukiliweza, ambalo sasa huliwezi?" Halafu nyamaza, umsikilize.

Kwaherini, wasikilizaji.